Nimelipia kisiwa cha Campbell, nikapewa gati la Bluff na barua ya "hali ya hewa"

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu na nina hasira, kwa hiyo asiye na muda apite tu, hatukosani.

Kuna kampuni ya meli za utalii huku New Zealand. Jina siliweki, shauri linaelekea kwenye vyombo husika na sitaki wapate pa kunishikia. Wanauza safari za meli ndogo, abiria hamfiki hata mia, kwenda visiwa vya kusini kabisa: Snares, Auckland na Campbell. Kwa asiyejua, visiwa vya Auckland havihusiani na jiji la Auckland. Viko upande wa pili kabisa, unaiacha nchi yenyewe nyuma na kushuka kuelekea Antaktika. Haishi mtu huko. UNESCO iliviingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1998, huwezi kutia mguu bila kibali cha Idara ya Uhifadhi, hakuna kiwanja cha ndege, hakuna hoteli, hakuna feri. Mtu wa kawaida akitaka kufika anapanda hizi meli. Na wenye meli wanalijua hilo vizuri sana.

Nililipa zaidi ya dola 11,000 za New Zealand. Kwa hela ya nyumbani hapo umeshavuka milioni 15. Ndani yake kuna nyongeza ya kulala peke yako, maana ukiwa huna mwenza unalipia na kitanda kitupu. Na kwenye ankara, kwenye mstari wake wa peke yake, kuna ada ya kushuka visiwani. Huo mstari wa ada ushikeni, nitaurudia.

Tulipanda meli Bluff, bandari ndogo ya kusini mwisho. Tukafundishwa kuvaa majaketi ya kuokolea, tukala, tukalala tukijua tutaamka baharini. Asubuhi nafungua pazia, lori la samaki lile lile la jana limeegeshwa mbele ya dirisha langu. Spika ikatangaza "tatizo dogo la kiufundi". Mchana wakapanda mafundi wawili na boksi la mbao, wakashuka nalo, wakarudi na jingine. Mmoja nilimkuta ngazini nikamuuliza kulikoni, akanijibu bila kuficha: jenereta, na kipuri kinasubiriwa kutoka Christchurch. Wakati huo bahari ya mlango wa Foveaux tunaiona kwa macho, imelala. Feri ya kwenda Stewart Island inatoka na kurudi kama daladala. Sisi tumefungwa kamba gatini karibu siku mbili, tunaoneshwa slaidi za ndege ambao tumekuja kuwaona wenyewe.

Jioni ya pili, kabla hatujang'oa nanga, kiongozi wa safari akasimama sebuleni kwenye ubao mweupe wenye ratiba. Palipoandikwa Campbell akapafuta kwa kiganja, wino wa bluu ukamganda mkononi, akaandika juu yake "muda zaidi Auckland Islands". Mzee mmoja wa Australia akauliza, Campbell imekwenda wapi? Akajibu kwamba ratiba imebidi ibadilike kutokana na kuchelewa kuondoka. Maneno yake hayo, kuchelewa kuondoka. Tulikuwa watu chumba kizima. Hali ya hewa hakuitaja hata kwa bahati mbaya.

Sasa nimerudi nyumbani, nimeandika malalamiko, napokea barua kwamba Campbell iliondolewa "kutokana na hali ya hewa isiyotabirika katika bahari ya kusini", na kwamba nilisaini vigezo na masharti.

Wakuu, mimi bahari naielewa. Snares nako hatukushusha boti, na sina kesi. Pale hata kukiwa shwari hakuna kushuka, hairuhusiwi, unazunguka kwa boti za mpira ukiwatazama pengwini wenye kishungi ambao hawazaliani kokote kwingine duniani. Siku tuliyofika mawimbi yalikuwa yanapanda miamba mpaka kwenye majani, nahodha akasema haiwezekani, tukapita. Alifanya kazi yake. Nahodha anayewashusha watu kwenye bahari ile ili asifiwe mtandaoni huyo si wa kupanda naye. Hela ya Snares siidai hata senti.

Ila Campbell haikuondolewa na upepo. Chukueni kalamu. Kutoka Bluff hadi visiwa vya Auckland ni kama kilomita 465. Kutoka hapo hadi Campbell kama 270. Kutoka Campbell kurudi Bluff kama 700. Meli yetu ilikuwa inakwenda kilomita 20 kwa saa, namba ilikuwa kwenye skrini ya sebuleni, kila mtu anaiona. Ukienda Auckland na kurudi moja kwa moja, ni saa 46 au 47. Ukipitia Campbell, ni saa 72 hivi. Tofauti ni siku nzima. Ongeza siku ya kukaa kisiwani kwenyewe, zinakuwa siku mbili. Siku mbili! Zile zile tulizokaa tunalitazama lori la samaki. Na kundi jingine lilikuwa linasubiri Bluff kwa tarehe iliyopangwa, msimu wenyewe ni wa kiangazi tu, kwa hiyo wasingeweza kusogeza siku ya kurudi hata kidogo. Wakakata upande wetu.

Tena kuna jingine. Abiria mwenzangu, tunayewasiliana naye mpaka leo, aliangalia kwenye mtandao wa kufuatilia meli. Siku ambayo sisi tulitakiwa kuwa Campbell, meli nyingine ya utalii ilikuwa imetia nanga Perseverance Harbour. Hapo ndipo wanaposhushia watu Campbell, ni ghuba ndefu inayoingia ndani ya kisiwa na kukingwa na vilima. Hiyo meli nyingine haikuambiwa habari za hali ya hewa isiyotabirika? Campbell mvua inanyesha wastani wa siku 325 kwa mwaka. Kama mvua na upepo ni sababu ya kutokwenda, basi waache kukiuza.

Mtaniuliza kwa nini nang'ang'ania kisiwa kimoja cha nyasi na ukungu. Kwa sababu ndicho nilichokilipia, hiyo kwanza. Pili, Campbell ndiyo kwao na albatrosi wa kifalme wa kusini, Wamaori wanawaita toroa. Karibu wote duniani wanataga pale. Mabawa yakifunguka yanapita mita 3. Wanataga yai moja tu, na kuanzia kuatamia mpaka kinda aruke kunamaliza karibu mwaka mzima, ndiyo maana wakifanikiwa mwaka huu, ujao wanapumzika. Kuna njia ya mbao inapanda hadi Col Lyall, unakaa kimya pembeni, vijana wao wanakuja kuchumbiana mbele yako, shingo juu, mabawa wazi, wanapiga kelele. Hayo yote yapo kwenye kipeperushi cha kampuni, na picha ukurasa wa mbele.

Halafu kuna historia yake. Kisiwa kilifugwa kondoo tangu 1895 mpaka mwaka 1931 wakakitelekeza. Panya wakamaliza ndege wadogo. Bata wa Campbell, asiyeruka, akaaminika ametoweka mpaka 1975 alipokutwa kwenye kisiwa kidogo cha pembeni kinachoitwa Dent. Mwaka 2001 serikali ikapeleka helikopta na tani 120 hivi za chambo cha sumu, ikafagia panya wote, wakati huo hakuna nchi iliyowahi kuondoa panya kwenye kisiwa kikubwa namna ile. Mwaka 2004 bata wakaanza kurudishwa kwao. Mimi nilitaka kumuona huyo bata. Kuna watu wanasafiri kumuona Messi, niacheni na bata wangu.

Enderby, kwenye visiwa vya Auckland, tulifika, na sitasema uongo, ni pazuri mno. Kabla ya kushuka tulikaguliwa mpaka mifukoni. Dada mmoja mwongozaji alinishika mkono wa jaketi, akaichokonoa velkro kwa kijiti mpaka akaitoa mbegu moja ya nyasi, akaitia kwenye bahasha. Gambuti zikasuguliwa kwenye beseni la dawa ya rangi ya waridi. Wale waongozaji na mabaharia sina neno nao, walifanya kazi kwa moyo. Sungura na ng'ombe waliondolewa Enderby miaka ya 1990 na maua yamerudi, ya manjano, makubwa ya ajabu. Ufukweni simba wa bahari wamejilaza, madume makubwa yanafika kilo 400, likikujia unasimama wima wala hukimbii.

Lakini hata hapo! Ratiba ilisema siku nzima na kuzunguka kisiwa kwa miguu. Boti mbili za mpira zilikuwa injini zake mbovu, tangu Bluff, mabaharia wenyewe walituambia. Kwa hiyo tukapelekwa kwa zamu, kundi langu likawa la mwisho, tukaishia njia ya mbao kwenda na kurudi. Albatrosi niliwaona watatu wakiwa kwenye viota, kwa mbali. Huo ndio "muda zaidi Auckland Islands" ulioandikwa ubaoni.

Turudi kwenye ada ya kushuka. Hii wanaitoza juu ya nauli, na kwenye ankara wameandika wazi ni ya vibali vya visiwa, Campbell ikiwemo. Hatukushuka Campbell. Nikauliza, ada yangu ya Campbell iko wapi? Jibu la kwanza: ada hairudishwi. La pili: imeshalipwa serikalini. Nikasema sawa, nipeni risiti. La tatu halijaja mpaka leo. Hapa sidai hata fidia, naulizia hela iliyokusanywa kwa jina la mhifadhi kwa ajili ya kisiwa ambacho meli haikukikaribia.

Na uongo wa hali ya hewa umenigharimu mara ya pili. Nilipeleka madai bima. Bima wakaomba barua ya kampuni, wakaisoma, wakanijibu kwamba mwendeshaji akibadilisha ratiba kwa sababu ya hali ya hewa hilo halimo kwenye mkataba wangu. Hitilafu ya mitambo ya chombo cha usafiri imo. Mnaona mchezo? Neno moja kwenye barua yao limefunga mlango wa pili. Nimewaomba waandike ukweli tu, jenereta iliharibika, tumechelewa, basi. Wamekataa. Wananipiga danadana kati ya dawati la mauzo na la huduma kwa wateja, mmoja yuko likizo, mwingine "anafuatilia".

Walichonipa ni vocha. Asilimia 15 ya nauli, itumike kwenye safari yao nyingine ndani ya miaka miwili. Yaani ili nipate hiyo asilimia 15 nirudi niwape milioni nyingine kumi na kitu, nipande meli ile ile yenye jenereta ile ile. Niliisoma barua pepe hiyo nikacheka peke yangu kwenye basi.

Sheria za huku nimezisoma. Ipo Fair Trading Act ya 1986, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja. Ipo Consumer Guarantees Act ya 1993, inataka huduma itolewe kwa uangalifu na ustadi unaostahili, na mnunuzi wa kawaida huwezi kumsainisha karatasi ya kumnyang'anya haki hizo. Kwa hiyo hivyo vigezo na masharti vyao havimalizi maneno. Kupeleka abiria baharini na jenereta mbovu na boti mbili zenye injini mbovu, halafu kusingizia upepo, nitawaachia Disputes Tribunal waamue. Uzuri wa baraza lile mawakili hawaingii, kwa hiyo meneja atakuja mwenyewe kunieleza ile hesabu ya saa.

NYONGEZA, kwa wanaochangia huko chini:

Anayesema "si ungeenda Serengeti na hela hiyo", nimekwenda Serengeti, na Ngorongoro, na nitakwenda tena. Albatrosi hawapo.

Anayesema ni laana ya kuwa na hela nyingi: mkuu, mimi ni mhudumu wa wazee, napiga shifti za usiku. Hela ile nimeidunduliza.

Anayetaka jina la kampuni kwa PM, hapana, mpaka shauri liishe.

Na mdau aliyesema safari hizi zote huandikwa "ratiba inaweza kubadilika" yuko sahihi, imeandikwa. Ila soma vizuri: imeandikwa inaweza kubadilika kwa ajili ya usalama na hali ya bahari. Jenereta haikutajwa.

Nimewapa mpaka Ijumaa watoe barua iliyosahihishwa ya bima na risiti ya ada. Kama kuna mtu humu anaishi huku na aliwahi kudai ada ya kushuka ikarudi, naomba aniambie alimwandikia nani, kampuni au Idara ya Uhifadhi moja kwa moja, na alichukua muda gani.