Tovuti ya kanga za mama: Blogger, WordPress au kurasa tuli? Nataka iweze kurithiwa

BintiPangani
Wakuu, naomba ulinganisho kutoka kwa waliowahi kuendesha tovuti kwa mapenzi tu, si biashara. Nina picha za kanga za mama na za mashangazi, mamia kadhaa, na kila moja nimeiandikia jina (maneno yaliyochapwa), mji (sehemu ya katikati), pindo, rangi na mahali iliponunuliwa. Baadhi ni za zamani sana, jina limechapwa kwa herufi za Kiarabu. Nataka zikae mahali ambapo mtu wa Lamu au Bagamoyo akitafuta jina la kanga ya nyanya yake ataiona. Mimi si fundi wa kompyuta, ila kujifunza siogopi. Kinachoninyima usingizi ni kukabidhi: baadaye nataka binti wa dada yangu aichukue, au kikundi cha kina mama hapa kwetu. Ipi kati ya hizi inakabidhika kweli?

Fundi_Seva
Dada, kazi nzuri sana hiyo. Kwa uwezo, WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ukiiweka kwenye seva (kompyuta ya mtandaoni) unayokodi mwenyewe, haina mpinzani: unaweka sehemu ya kutafuta kwa jina, kwa rangi, kwa aina ya pindo. Ila ina palizi. Seva inalipiwa kila mwaka, plagini (programu ndogo za nyongeza) zinataka kusasishwa, na toleo la PHP, lugha inayoiendesha WordPress, likipanda, templeti ya zamani inaweza kugoma. Ukiiacha miezi bila kuigusa, wahuni wanaingia na kuijaza matangazo ya kamari. Anayerithi anarithi na hiyo palizi.

Jambo moja wengi hawaambiwi: lile faili la kuhamishia ambalo WordPress inakutolea linabeba maandishi na viungo vya picha, picha zenyewe halizibebi. Folda ya wp-content/uploads lazima uinakili peke yake. Kwa tovuti ya kanga, bila folda hiyo hujakabidhi kitu.

Leso_Mombasa
Mimi nasema Blogger, na nasema bila wasiwasi. Ni bure, hakuna seva ya kulipia, hakuna cha kusasisha. Ipo tangu 1999, na Google wakainunua 2003. Kukabidhi ni rahisi: unamwalika mtu kwa barua pepe, unampandisha awe msimamizi, kisha wewe unajitoa. Mama yeyote anayetuma picha kwa WhatsApp atafundishika kuweka leso mpya humo kwa simu yake. Mnaongea juu ya uwezo wa seva, lakini tovuti hii itaendeshwa na akina nani?

MzeeKobe
Mwanangu Leso, swali lako la mwisho ndilo la kujibiwa kwanza. Lakini hapo kwenye Blogger pana shimo. Blogu inahama, picha zinabaki zimefungamana na akaunti ya Google ya aliyezipakia. Akaunti ile ikifutwa, mrithi anaweza kubaki na maandishi na miraba mitupu. Na Google walitangaza 2023 kwamba akaunti isiyotumika kwa miaka 2 wanaweza kuifuta.

Kwa hiyo binti, ukienda Blogger, fungua akaunti ya Google kwa jina la mradi tangu siku ya kwanza. Usitumie ile yenye picha za harusi na risiti zako. Hapo unakabidhi akaunti nzima, nenosiri na namba ya simu ya kuthibitishia, na picha zinabaki zilipo.

Na umri wa huduma usitulevye. GeoCities ilikuwa na kurasa za watu kutoka dunia nzima, Yahoo wakaifunga Oktoba 2009. Zilizopona zilipona kwa sababu Archive Team na Internet Archive, watunza kumbukumbu za mtandao, walikimbia kuzinakili kabla ya tarehe.

Mswahili_Muscat
Salaam kutoka Muscat, huku nako kanga zipo kwenye makabati ya mama zetu. Naongezea upande wa kurasa tuli. Unaandika maelezo kwenye faili za kawaida, programu kama Hugo inazigeuza kurasa za HTML, unaziweka GitHub Pages, huduma ya kuwekea tovuti, bila malipo. Hakuna hifadhidata ya kuvamiwa, hakuna plagini, na kurasa ni nyepesi, bando la mgeni halitafunwi. Kikomo cha tovuti ni GB 1. Ukipunguza kila picha iwe kama KB 250, unaingiza picha elfu nne hivi.

Kwa kurithisha wamefikiri vizuri: hazina ya faili unaweza kuihamishia akaunti nyingine, na unaweza kumtaja mrithi wa kusimamia hazina zako za wazi ukifariki. Zaidi ya yote, mrithi akiipakua folda ile, amepata tovuti nzima, anaweza kuihamishia popote.

Nisifiche ugumu: kuongeza kanga moja mpya kunataka ujue Git (programu ya kutunza matoleo ya faili) na Markdown (alama za kupangia maandishi). Kikundi cha kina mama hakitafika huko bila mtu wa kukaa nao.

Leso_Mombasa
Basi hiyo inamfaa binti wa dada, haiwafai kina mama. Dada Pangani, ni nani hasa kati ya hao wawili?

Fundi_Seva
Kabla hajajibu: yoyote atakayochagua, anunue domeini yake, yaani jina la anwani ya tovuti. Anwani ikiwa yake, leo iko Blogger, kesho inaelekezwa GitHub, na wasomaji hawajui kilichohama. Angalia mwenye domeini ameandikwa nani. Huku kwetu fundi husajili kwa jina lake na barua pepe yake, siku akihama mji umekwama. Pia ikiwa inalipiwa na kadi yako, kadi ikifa domeini inafuata. Domeini ya .com unaweza kuilipia hadi miaka 10 mbele. Siku ya kukabidhi utahitaji msimbo wa kuhamishia, na ujue kwamba ikisajiliwa au kuhamishwa karibuni huenda ikafungwa siku 60 kabla ya kuhama tena.

Sanaa_Kilifi
Kuna urithi ambao hamjaugusa: ruhusa. WordPress yenyewe ilizaliwa hivyo. Kulikuwa na programu ya blogu ya b2/cafelog, mwandishi wake akaacha kuishughulikia. Kwa kuwa ilitolewa kwa leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kunakili na kuendeleza, Matt Mullenweg na Mike Little waliiendeleza mwaka 2003 bila kumtafuta mtu awape idhini. Dada, andika kwenye ukurasa wa mwanzo, leo, kwamba maelezo yako yanaruhusiwa kunakiliwa na kuendelezwa kwa kutaja chanzo. Hapo hata kikundi kikisambaratika, mgeni anaweza kuokota kazi.

Lakini ruhusa hiyo ni ya maandishi yako na kazi yako ya kupiga picha. Michoro ina wenyewe. Kaderdina Hajee Essak, wauza kanga wa Mombasa, wenye chapa ya Mali ya Abdulla, wapo tangu 1887. Ndiyo maana sikushauri umwage zote Wikimedia Commons, ghala la picha za wazi, ambako picha lazima iruhusiwe hata kwa biashara. Kwa kanga za karibuni wanaweza kuziondoa.

BintiPangani
Nimewasoma wote, asanteni kwa moyo. Nilikuwa nataka kujibu "wote wawili", lakini Leso kanibana: kina mama ndio wenye kanga, na watakuwa wakileta mpya kila mara. Kwa hiyo Blogger, kwa akaunti ya mradi, juu ya domeini iliyosajiliwa kwa jina langu, na ruhusa ukurasa wa mwanzo. Picha za asili na maelezo yote nitayaweka pia kwenye folda na jedwali, ili binti akitaka kurasa tuli baadaye asianze upya. Mzee Kobe, zile za herufi za Kiarabu niziandikeje kwenye jedwali?

MzeeKobe
Safu tatu. Moja uandike kwa herufi zilezile za Kiarabu, nyingine kwa Kilatini. Jina liandikwe kama lilivyochapwa kiwandani, hata kama tahajia ni ya kizamani; usilinyooshe. Usomaji wako uweke safu ya tatu. Hifadhi jedwali kama CSV (faili la maandishi matupu), usimbaji wa UTF-8 (unaobeba herufi za lugha zote), la sivyo Kiarabu kitageuka alama za kuuliza. Kila kanga ipe namba, na picha zibebe namba hiyohiyo: 0112-mji, 0112-pindo, 0112-jina. Kila ukurasa ukiuchapisha, upeleke Wayback Machine, kumbukumbu ya kurasa ya Internet Archive.

Halafu mpe binti wa dada yako karatasi ya maelekezo, aongeze kanga moja kwenye jedwali na kwenye blogu, wewe ukiwa chumba kingine. Atakapokwama, hapo ndipo karatasi haijakamilika. Ijaze, umpe ya pili.