Picha za wafanyakazi 64 ofisini Kisumu: tuipange vipi siku hiyo?

MratibuMilimani
Hamjambo wenzangu. Nimepewa jukumu la kuratibu upigaji wa picha za wafanyakazi katika ofisi yetu hapa Milimani, Kisumu. Tuko watu 64, wakiwemo madereva na walinzi wa zamu, na picha zitatumika kwenye vitambulisho vipya na kwenye tovuti. Mkurugenzi angependa kazi yote iishe kwa siku moja, tena ifanyike bustanini, kwa kuwa anaona jua letu linatosha na hakuna haja ya kukodi taa. Je, inawezekana? Na ni mambo gani hukwamisha foleni?

MpigaPichaKondele
Salamu, Mratibu. Kazi za ofisi ndizo zinazonilisha, kwa hiyo nitakujibu bila kuzunguka: bustani muiache. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na ifikapo saa sita jua liko utosini, macho yanazama katika kivuli cha paji la uso na pua inaangusha kivuli chake mdomoni. Aliyepigwa saa mbili asubuhi na aliyepigwa saa saba wataonekana kama watu wa kampuni mbili, na hapo sijataja ngurumo za alasiri tunazozijua sote.

Chukueni chumba cha mikutano, mfunge mapazia na kuzima taa za dari, kwa sababu rangi ya mwanga wake hailingani na ya flashi na mara nyingi huipa ngozi ukijani. Flashi moja yenye mwavuli mpana wa kulainisha mwanga inatosha. Nyuma pawe na karatasi ya kijivu, stuli ikae kama mita moja na nusu mbele yake, na sakafuni mbandike tepu penye miguu ya stuli na ya stendi ya taa, kisha mpime na kuandika vipimo hivyo, ili mfanyakazi atakayeajiriwa mwakani apate picha inayofanana na za wenzake.

Jambo ambalo wengi hawaulizi ni namna mpiga picha anavyopima mwanga. Kamera ikiachwa ijipimie yenyewe mbele ya ukuta mweupe, hupunguza mwanga kwa ajili ya ule weupe, na uso mweusi unabaki giza tupu. Mwanga upimwe usoni, kisha usiguswe tena. Na atakayejitolea kuwang'arisha watu ngozi kwenye kompyuta, mimi nisingempa kazi.

Kuhusu muda, kila mtu mpe dakika tano, pamoja na ile ya kujitazama kwenye skrini na kuchagua picha yake mwenyewe, maana ukiiruka hiyo utarudiwa na malalamiko wiki nzima. Watu 64 ni dakika 320, yaani saa tano na dakika ishirini bila hata chai. Gawanya asubuhi mbili.

AfisaWafanyakazi_Nakuru
Naongezea machache. Usiite idara nzima kwa pamoja, kwani dawati la wateja litabaki tupu. Changanya idara, na mlangoni wasizidi watu watatu, wakiwa na kioo, kitana na tishu za kufutia jasho. Walinzi wa usiku wapigwe kwanza kabisa, wanapokabidhi zamu, wakalale. Kabla ya kila mtu, piga picha ya karatasi yenye namba yake ya kazi, la sivyo jioni mtabaki mkibahatisha majina.

Kisha kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kitambulisho na tovuti ni matumizi mawili tofauti, kwa hiyo fomu ya ridhaa iyatenganishe. Anayeshika data ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa, na mwenye picha anaweza kuiondoa ridhaa hiyo baadaye.

MratibuMilimani
Nashukuru sana, nyote wawili. Mkurugenzi amekubali chumba cha mikutano, ingawa asubuhi mbili bado anazinung'unikia. Wenye miwani je, waivue?

MpigaPichaKondele
Wasiivue, kwa sababu askari wa getini anawajua wakiwa nayo. Inua taa juu zaidi, na mikono ya miwani iinuliwe kidogo tu masikioni hadi mng'ao utoke kwenye vioo. Hijabu na vilemba pia vibaki, mradi uso uonekane wote. Na umuulize mpiga picha kama flashi yake inatumia betri, maana stima ikipotea katikati ya foleni, jenereta ya ofisi huchelewa kuwaka.