Naomba ushauri: mikoko yetu Mikindani inakufa, vijana wanavunjika moyo

Assalaam aleikum na habari za jioni, ndugu zangu.

Nasimamia vijana 22 hapa Mikindani, Mombasa, wengi wa miaka 14 hadi 17. Jumamosi tunajifunza bustani ya magunia, na maji yakipwa tunashuka kwenye hori la Tudor, ule mkono wa bahari, kupanda mikoko. Mchicha unakwenda vizuri, alhamdulillahi. Shida ni huko chini.

Mwezi wa nne tulipanda mbegu 600 za mkoko wenyewe, ule wa mbegu ndefu kama kalamu. Tulizichomeka ukingoni kabisa, karibu na maji. Sasa zimebaki kama 90. Nyingine zilichukuliwa na bamvu, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na zilizobaki shina limejaa vijidudu vya gamba gumu hadi mche unalala. Tumejaribu kuvikwangua kwa mkono na kuegemeza miche kwenye vijiti. Bamvu lililofuata likaondoka na miche na vijiti vyake.

Mzee mmoja mvuvi ametuambia upande ule wa maji ni mahali pa mlilana, aina nyingine ya mikoko, na huu mkoko wetu hukaa nyuma yake. Naona ana haki, maana mililana mikubwa iko palepale.

Naomba kuuliza: aliyewahi kuotesha mlilana kwa mbegu kitaluni, mlifanyaje? Nasikia mbegu zake ni ndogo sana. Na je, hii miche 90 tuihamishe juu sasa, au tukiing'oa tutaimaliza?

Msichana mmoja aliniuliza kama wao ndio waliokosea. Nataka Jumamosi niwe na jibu la kumpa.