Spika za nyumbani: kila muziki na mpangilio wake, au mmoja watosha?

Mpenzi wa Udi, Kibokoni: Nimechoka kuzungusha vifundo. Sebuleni nina spika mbili na sabwufa, ile spika ya besi. Nikipanga ekwalaiza (vifundo vya kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba) kwa rege, udi wa Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarab, wazama, nasikia ngoma tu. Nikirudisha ya taarab, bango la Mzee Ngala, muziki wa dansi wa pwani, lakonda, besi haipo. Mimi nasema kila muziki una mpangilio wake. Anayepinga alete hoja.

Fundi wa Majengo: Napinga. Wahangaika na muziki na kosa ni la chumba. Sauti yaenda mita 343 kwa sekunde. Chumba cha urefu wa mita 3.4, mawimbi ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, yagonga ukuta, yarudi, yajazana, na hapo ndipo besi ya rege ilipo. Sabwufa ikiwa pembeni, kwenye kona ya chumba, ndiyo yazidi. Itoe pembeni, vuta spika mbali na ukuta, tundika pazia zito, kisha usiguse tena. Kupanga muziki ni kazi ya studio.

Besi Likoni: Studio gani? Hizo kanda zenu zasikika kama mtu aimba ndani ya kopo. Rege isiyotikisa kifua ni hotuba. Na taarab ya maana iko Unguja, sisi huku Mombasa twaiga tu.

Bint Mvita: Twaiga? Ndugu yangu, futa hilo neno. Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarab, alimuiga nani Unguja? Arusi za Mji wa Kale watu walikesha kwa sauti yake.

Besi Likoni: Nyimbo zake ngapi zina sauti za filamu za Kihindi, dada? Na Zein ni mzaliwa wa Lamu. Siti binti Saad wa Unguja alirekodi Bombay mwaka 1928, nyinyi mlikuwa wapi?

Bint Mvita: Lamu si Unguja! Na Zein Mombasa ndiyo iliyomlea kimuziki. Kuchukua sauti ukaitilia mashairi ya Kimvita yaliyopimwa mizani si kuiga.

Fundi wa Majengo: Jamani, hiyo ya 1928 yaunga mkono hoja yangu. Santuri za wakati ule besi ya chini karibu haimo. Ukipandisha kifundo wapandisha mvumo na mikwaruzo, si muziki.

Mama Wawili: Mimi nakaa ghorofa ya juu ya mtu kama Besi. Maneno ya mwimbaji siyasikii, lakini besi yapenya ukuta hadi kwenye kitanda cha mtoto. Kanuni za kelele za Kenya za 2009 zahesabu usiku kuanzia saa mbili. Mipangilio yenu yote hakuna aliyetaja jirani.

Besi Likoni: Mama, mimi nazima saa nne.

Mama Wawili: Saa nne si saa mbili, mwanangu.

Mpenzi wa Udi, Kibokoni: Nimeitoa sabwufa pembeni. Bilauri za kabatini zimeacha kutetema, na udi umetokea: nasikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi. Hapo Fundi amesema kweli. Lakini bango bado lataka besi, nimeongeza desibeli 2.

Besi Likoni: Desibeli 2 ni mpangilio, Fundi.

Fundi wa Majengo: Chumba kwanza.

Bint Mvita: Besi, lile neno bado hujalifuta.