Naomba ushauri: upinde na baridi kali

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa yeyote anayepiga upinde nchi za baridi. Mi niko Minnesota, Marekani, huku Januari nyuzi 20 chini ya sifuri ni kawaida tu na sisi tunapiga nje hata theluji ikiwepo. Upinde wangu ni rikavu (ule wenye ncha zilizopinda kwenda mbele), katikati ni chuma na sehemu zinazopinda ni mbao na faibaglasi, mishale ya kaboni.

Kinachoniumiza kichwa ni unyevu. Nikiingia ndani kwenye hita, dakika chache tu kile chuma cha kushikia kinalowa chote kama soda iliyotoka kwenye friji, matone yanashuka mpaka kwenye skrubu za saiti (kile kifaa cha kulengea) na kutu imeshaanza. Kuna wanaosema niuache kwenye begi lake zipu imefungwa upate joto taratibu, wengine wanasema futa tu na kitambaa kikavu yaishe. Nyie mnafanyaje? Na kuulaza kwenye buti la gari usiku kucha si ndo kuuharibu kabisa?

Halafu uzi wa upinde, naupaka nta nje inakuwa ngumu inabanduka vipande, sasa sijui nipakie nyumbani ndo nitoke ama kuna nta laini zaidi.

Koti nalo, uzi unagonga mkono wa koti mshale unaenda kombo, nimevaa kinga ya mkono juu yake lakini bado kifuani linafura. Vidole vikifa ganzi ndo naogopa zaidi, maana uzi ukichomoka bila mshale upinde unaweza kupasuka hata kwenye joto, sembuse hapa. Glavu gani nyembamba zinafaa? Natanguliza shukrani.