Mliokulia nyumba za mawe Mji Mkongwe wa Zanzibar, tupeane uzoefu

MamaShangani
Assalaam alaykum. Mvua ya jana imeninyima usingizi. Nasikia chokaa inamwagika nyuma ya kabati, na kila ikimwagika namwamsha mume wangu. Nyumba yetu ni ya ghorofa, boriti za mikoko, vidaka vyote vya ukutani vipo, mlango una njumu zake za shaba. Siihami. Mnaokaa nyumba kongwe, masika mnaishije nazo?

BintiMalindi
Sisi masika kila mtu na ndoo yake. Pole dada.

Mkunazini
Hama. Nyumba inajengwa, roho haijengwi.

FundiChokaa
Asihame kwanza. Mama, ukuta huo umewahi kupigwa saruji?

MamaShangani
Ndiyo, chini kote. Aliyetukodisha alipiga tulipolalamika unyevu.

FundiChokaa
Basi ndipo ilipo shida. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na udongo uliochanganywa na chokaa. Zinanyonya maji na kuyatoa. Ukizifunika kwa saruji maji hayana pa kutokea, yanapanda juu na chumvi yake. Wewe unaona plasta nzuri, ndani kunageuka mchanga. Kisha maji yanafika kwenye vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani, ndivyo vinavyooza mwanzo. Katikati ya boriti utaiona nzima kabisa.

DarajaniMwisho
Maneno hayo kila siku. Mie nimepiga saruji tangu baba yu hai na ukuta umesimama.

FundiChokaa
Gonga ukutani. Ukisikia uwazi, nambie.

MpitaMizingani
Mada hii imenirudisha Ijumaa ile, 25 Desemba 2020, siku iliyoanguka Beit-al-Ajaib, lile jumba la Sultani mbele ya bahari. Nilikuwa nakwenda kwa shangazi yangu, napita mbele ya jumba. Nikasikia mbao zinalia. Nikadhani mafundi wanashusha vitu, maana ukarabati ulikuwa unaendelea, kwa fedha za Oman. Kisha mshindo. Sijui niuelezeje, ulinipita kifuani. Vumbi jeupe likafunika barabara, watu wakakimbilia upande wa bahari, mama mmoja akanishika mkono hata hanijui. Vumbi lilipopungua nikatazama juu: mnara wa saa haupo. Upande mzima wa mbele umekwenda chini, nguzo za chuma zimelala juu ya mawe.

Watu wakaanza kupiga kelele kuna mafundi ndani. Vijana wa Forodhani walikwenda kuchimba kwa mikono kabla ya mashine kufika. Wawili walikufa, Mungu awarehemu.

Kinachoniuma mpaka leo: nyumba ile Sultani wetu Sayyid Barghash aliijenga 1883. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza walipiga mizinga kasri la jirani yake, kukaharibika vibaya pale, lakini Ajaibu ikabaki imesimama. Mnara wa saa uliokuwa mbele ulivunjwa na mizinga, ndipo wakajenga mpya uliounganishwa na jumba. Jengo lililohimili manowari limeangushwa na maji na kuachwa. Na ishara zilikuwepo. 2012 kipande cha roshani kiliporomoka, tukakiona wote.

BintiMalindi
Nimelia. Skuli walitupeleka kuuangalia ule mtepe, jahazi la kushonwa kwa kamba, uani, na milango yenye aya za Kurani. Tuliambiwa ndiyo nyumba ya mwanzo Unguja kuwashwa umeme.

Mkunazini
Ndiyo maana nikasema ahame!

DarajaniMwisho
Lawama zote kwa maji? Nyumba zilizochukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964 ziligawiwa familia chumba chumba. Nani atatengeneza paa ambalo si lake?

MpitaMizingani
Usiwatupie wapangaji. Kuna nyumba za wakfu pia, kodi ndogo, na mwenye kupokea kodi haonekani mpaka mwezi uishe. Mpangaji atafanya nini?

DarajaniMwisho
Asipande na tangi la maji juu ya sakafu ya chokaa, ndiyo atafanya.

FundiChokaa
Hapo nakuunga mkono. Tangi likivuja, boriti haziponi.

MlamuAsili
Njooni Lamu mwone nyumba inavyotunzwa. Misana, vile vyumba virefu, iko, ndani kuna vidaka vya kuchongwa, wikio, chumba cha juu, limevuka njia.

Mkunazini
Sisi UNESCO walituandika urithi wa dunia 2000, nyinyi 2001. Nyuma yetu!

MlamuAsili
Mwaka mmoja! Na magofu yenu je? Twambie.

BintiMalindi
Jamani, mwenzetu ukuta unamwagika, nyinyi mwagombania miaka.

DarajaniMwisho
Nimegonga. Karibu na ngazi kuna uwazi. Fundi, nianzie wapi?

FundiChokaa
Usibandue leo, mvua bado. Ikikatika, bandua saruji kidogo kidogo kuanzia chini, acha ukuta ukauke, ndipo upige chokaa iliyolowekwa vya kutosha. Na kabla hujabandua chochote uwe na kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mama Shangani, wewe sogeza kabati kwanza, unitumie picha ya pale boriti inapoingia ukutani.

MamaShangani
Tumelisogeza. Unyevu unafika kifuani na boriti moja kichwa chake kinafinyika kwa kidole. Watoto nimewahamishia chumba cha mbele. Na nyuma ya ukuta huo huo ndipo linaposhuka bomba la choo la jirani.

FundiChokaa
Aaa! Mwambie jirani asifungue maji mpaka nije. Tegemezeni boriti hiyo sasa hivi, magogo mawili na ubao juu, msingoje asubuhi.