Ganda la rimoti ya gari likichakaa: tupeane uzoefu, watu wa Malindi na jirani

Kijana_wa_Mambrui
Asalaam aleikum wakubwa. Ufunguo wa Fielder yangu umezeeka kabla ya gari. Mpira wa kitufe cha kufungulia umetoboka, nabonyeza kwa ncha ya kalamu, na kichwa kimepasuka ubavuni hadi nimekizungushia utepe wa umeme. Rimoti yenyewe haina neno, milango inaitika hata nikiwa ng'ambo ya barabara. Sasa pale mjini nimeonyeshwa maganda matupu, mengine ya kawaida, mengine yale ya kukunja ambayo chuma kinaruka ukibonyeza. Bei yake si ya kulia, ukilinganisha na kutengenezewa ufunguo mzima mpya. Kabla sijatoa pesa nataka kusikia kwenu. Mlibadilisha wenyewe au mlimpa fundi? Wapi pana mtego? Naomba yaliyowafika nyinyi, si ya "nimesikia".

BintiShela
Waaleikum salaam. Mie nilifanya mwenyewe mezani watoto wamelala. Gari ni Vitz. Kufungua si kazi: skrubu moja ndogo mgongoni, bisibisi ya nyota kama ile ya miwani, kichwa kinaachana vipande viwili. Ndani kuna kiboksi cha rimoti, kinatoka kizima, unakitia kwenye ganda jipya. Ila kwa ufunguo wa aina yangu chuma kimeshikana na plastiki, hakihami. Ganda jipya linakuja na chuma kisicho na meno, kwa hiyo nilipita kwanza kwa mchonga funguo.

Bahati yangu nilikuwa nimeshaona ya mpwa wangu. Yeye alihamisha kile kiboksi, vitufe vikafanya kazi, akalitupa ganda kuukuu pipani na kulala akiwa amefurahi. Asubuhi anapiga stata, injini inazunguka vizuri, haishiki. Milango inafunguka, taa zinawaka, gari haliendi. Wakaanza kushuku pampu ya mafuta, wakashuku betri, jirani mmoja akashuku jicho la watu. Alipokuja fundi aliuliza swali moja tu: "Ganda la zamani liko wapi?" Pipa lilikuwa bado halijamwagwa, alhamdulillahi. Ndani ya plastiki ile, karibu na shina la chuma, kulikuwa na kijichipu cheusi ambacho hakuna aliyekiona.

Dereva_Watamu
Hapo ndipo tunapotishana bure. Mie Probox yangu nimebadilisha ganda, nikalipasua lile la zamani vipandevipande nitafute hiyo chipu inayosemwa, sikuona kitu. Nimechongesha chuma, gari lawaka hadi leo, Gede, Kilifi, Mombasa, kokote. Kuna fundi alitaka kunilipisha "kuhamisha chipu" ambayo haipo!

BintiShela
@Dereva_Watamu sasa kaka, mimi nimesema ya mpwa wangu, sikusema ya Probox yako 😄

Fundi_wa_Saa
Nyote mko sawa. Hizi ndizo kazi zangu, saa, simu na funguo, kwa hiyo nitaongea kidogo zaidi, mnivumilie.

Gari nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani, hasa zile za bei ya chini, hazikuwekewa imobilaiza, yaani kinga ya wizi inayozuia injini kuwaka mpaka isome chipu ya ufunguo. Ufunguo wake ni chuma tu na rimoti ya milango. Nyingine za umbo lilelile, jina lilelile, zinayo. Kwa hiyo usiulize "Fielder ina chipu?" Uliza Fielder YAKO. Namna ya kujua ni rahisi: chuma kipya kikishachongwa, kabla hujahamisha chochote, nenda ukawashe gari na hicho kitupu, ufunguo wa zamani ukiwa umeuacha ndani ya nyumba. Ukiuacha kwenye kiti haidhuru sana, lakini ukiushika mkono mmoja karibu na swichi unaweza kujidanganya. Injini ikishika na kukaa, huna chipu. Ikizunguka bila kushika, au ikishika halafu ikazima palepale, chipu ipo na imebaki kwenye ganda kuukuu.

Chipu hiyo haina betri. Kuna pete ya waya imezunguka tundu la swichi, ndiyo inayoipa nguvu na kuisoma ukigeuza ufunguo. Ndiyo maana betri ya rimoti ikifa kabisa gari bado linawaka, na ndiyo maana mtu anaweza kuona vitufe vyote vinafanya kazi huku gari limegoma. Rimoti na chipu ni vitu viwili, japo wanaishi kichwa kimoja. (Kuna funguo ambazo vyote vimo kwenye bodi moja, hasa zile za kuwashia kwa kitufe. Hizo ukihamisha bodi umehamisha kila kitu.)

Kuitoa: mara nyingi imegandishwa na gundi. Usiichokonoe kwa kisu. Zipo za kigae cheusi na zipo za kioo chembamba, na cha kioo kikipasuka hapo ndipo unapoingia gharama ya kuandikiwa chipu mpya kwa mashine. Pasha plastiki kwa hewa ya moto ya kukaushia nywele, ikate plastiki pembeni, iache chipu ije yenyewe. Na ganda la zamani usilitupe mpaka gari limewaka kwa jipya.

Ganda jipya halihitaji programu yoyote. Anayekwambia lazima gari "lisomeshwe" kwa sababu ya ganda tu, muulize analisomesha nini.

Mtoka_Mokowe
Mie wa Lamu. Mtasema Lamu gari la nini, na kweli mjini ni punda na miguu. Langu hulala Mokowe, mimi navuka kwa boti. Ufunguo umo mfukoni, kusi likivuma wimbi linaruka mpaka kwenye kikoi. Kitufe kikishatoboka basi kila mvuko rimoti inaonja chumvi. Yangu ilianza kwa kuchagua, leo inafungua, kesho mpaka uisogeze dirishani. Nilipoifungua vile vibati vya betri vilikuwa vimeota kijani.

Kilichonisaidia: betri nje mara moja, bodi nikaisuuza kwa maji baridi ya kunywa kuondoa chumvi, halafu spiriti safi na mswaki laini wa zamani, nikaianika kivulini hadi ikakauka kabisa. Ikafufuka. Ganda nilinunua Malindi nikija kwa shughuli nyingine. Sura ilikuwa nzuri kweli, ila mpira wa vitufe vyake mgumu kama kiatu, unabonyeza mpaka kidole kinauma. Mpira wa zamani wa kitufe cha kufunga ulikuwa bado mzima, lakini huo wa kufungulia ndio umeshatoboka, sasa utafanyaje. Nikarudi kubadilisha, safari hii nikabonyeza kila kitufe nikiwa dukani kabla sijalipa.

TuktukMaweni
Sisi wa tuktuk tunasoma tu hapa tukicheka. Ufunguo wangu ni chuma na kamba ya nailoni, ukipotea nachonga mwingine naendelea na kazi.

Dereva_Watamu
@TuktukMaweni na tuktuk likiibiwa?

TuktukMaweni
Tuachane na hayo.

Mama_Gede
Yangu fupi. Mimi nilimpa fundi, kazi ya plastiki akaifanya safi, shida ikawa chuma. Alichonga kwa kufuatisha ufunguo wangu wa kila siku, ambao meno yake yalikuwa yameshalika. Ufunguo mpya ukarithi ulegevu wote wa ule wa zamani, mlango wa dereva ukawa wa kubembelezwa. Nilikuwa na ufunguo wa akiba nyumbani, haujatumika tangu gari lishushwe Kilindini. Akachonga tena kwa kufuatisha huo, ukaingia kama siagi. Kwa hiyo mwenye wa akiba aende nao.

Mwalimu_wa_Barani
Nani amejaribu hayo ya kukunja? Mimi niliyatamani, nikaweka kwenye ufunguo wa Toyota uliokuwa wa kawaida. Miezi ya mwanzo raha, kila mtu anauliza nimenunua wapi. Halafu chuma kikaanza kucheza pale kwenye bawaba. Ukigeuza swichi unahisi kabisa kinajipinda kabla ya kushika. Nafasi ya chipu nayo ilikuwa finyu, fundi akaibana kwa kipande cha sponji. Kuna siku ule mspringi ulichoka, chuma hakiruki tena, kinatoka kwa uvivu. Ukifungua mwenyewe jua kwamba mspringi lazima uuzungushe kwanza uwe na nguvu ndipo ufunge, la sivyo kitufe kinabonyezeka na hakuna kinachotokea. Nimerudi kwenye la kawaida. Kwa gari lililokuja na la kukunja tangu kiwandani ni sawa, muundo wake ni mwingine.

Fundi_wa_Saa
Mwalimu amenena. Nyongeza kuhusu betri, maana hili naletewa kila mara: tazama namba. CR2032 ina upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. CR2016 upana ni uleule, unene ni nusu yake. Watu wanaitia nyembamba kwenye nafasi ya nene, wanakunja karatasi ya sigara kujazia, halafu wanalaumu ganda kwamba halishiki.

Kijana_wa_Mambrui
Ahsanteni sana. Nimeshachongesha, nimefuatisha ufunguo wa akiba kama alivyosema Mama Gede. Nimejaribu kuwasha na kitupu: imeshika, ikazima palepale. Kwa hiyo yangu inayo, nimeipata kwenye shina, ni kile kigae cheusi, imetoka salama. Nimechukua la kawaida. Swali la mwisho, Fundi: tundu la chipu kwenye ganda jipya ni kubwa kidogo, chipu inacheza ndani. Niimwagie supagluu?

Fundi_wa_Saa
Usiimwagie. Tone dogo la silikoni ya kuzibia maji, iache ikauke usiku kucha. Siku ukitaka kubadilisha ganda tena itatoka kwa ukucha.